Jibu la Swali la Kumi na Moja

Mwaka ule ambao mpox, ile homa ya nyani, ilianza kutajwa kila jioni redioni, nilikuwa mwaka wa nne chuoni Kakamega, nikisomea afya ya jamii, na nilijiona mtu muhimu sana. Naweza kusema hivyo bila aibu kwa sababu aibu yote niliyokuwa nayo niliimaliza mwaka huohuo. Wenzangu walikuwa wakihangaika kutafuta mada ya utafiti wa kumalizia masomo. Mmoja alihesabu vyoo vya soko, mwingine alizunguka Butere kuwauliza kina mama kama wanalala ndani ya chandarua. Mimi ugonjwa mpya uliniletea mada hadi mlangoni. Niliandika swali moja juu ya karatasi: wanafunzi wa chuo kikuu wanaujua ugonjwa huu kiasi gani? Msimamizi wangu, mwalimu mpole mwenye miwani isiyotulia puani, alilisoma mara mbili akaniambia nianze kazi.

Mama yangu, kule Matungu, hakufurahia. Nilipompigia simu kumweleza, aliuliza, "Sasa hiyo ugonjwa utakuwa unaishika?"

"Hapana, mama. Nitakuwa nauliza watu tu."

"Basi uliza ukiwa mbali."

Maoni hayakuwa haba. Chuo kizima kilikuwa nayo. Wapo waliosema ni ugonjwa wa madereva wa malori ya masafa marefu, hivyo asiyepanda lori hana la kuogopa. Wapo waliowalaumu tumbili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepelekwa kutembea msituni, na karibu kila mmoja alikuwa amewarushia tumbili ndizi. Sasa walikaa darasani wakijipapasa shingo. Vijana wa hosteli walikataa kusalimiana kwa mkono, wakagonganisha viwiko kwa mbwembwe, halafu wakainama wanne kwenye sahani moja ya ugali na sukuma. Kwenye mlango wa maktaba palibandikwa picha ya mkono wenye malengelenge, na kabla ya wiki kwisha mtu alikuwa ameuchorea pete. Kila nilipopita hapo nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonipa nguvu ya kuandika fomu.

Niliandika maswali kumi na matano, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Nilipomaliza nikagundua kwamba majibu sahihi kumi na mawili yalikuwa yameangukia C. Hilo halingefaa kabisa. Mtu yeyote aliyepitia shule za Kenya anajua kwamba ukikwama kwenye mtihani, unaweka C na kumwachia Mungu. Mwenye kubahatisha angenipita mimi mwenyewe. Basi nilikaa kitandani nikayachanganya, hili nikalipeleka A, lile nikalipeleka D, huku nikijisifu kwa ujanja. Nikaandika ufunguo wa majibu kwenye simu, nikamtumia mwenzangu wa chumba pamoja na fomu yenyewe, ili aangalie kama maswali yanaeleweka.

Mwenzangu huyu alitoka Butere, alisomea ualimu, na ni mtu ambaye ukimwomba chumvi anakupa na sufuria. Tulikaa pamoja kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili nyuma ya chuo, bomba moja la maji uani, kamba za nguo zimepishana kila upande. Alisoma fomu yangu yote akiwa amelala kifudifudi, akasema ni nzuri, na kwamba hata yeye amejifunza.

Swali la kumi na moja liliuliza: mgonjwa wa mpox huacha lini kuwaambukiza wengine? Jibu ni kwamba anaweza kuambukiza mpaka magamba yote ya vidonda yabanduke na ngozi mpya iote mahali pake, hata kama homa iliisha zamani. Hilo nililijua sana. Ungeniamsha usingizini ningelisema. Kwenye fomu nililihamisha kutoka C kwenda B. Kwenye ufunguo nikasahau kulihamisha, C ikabaki palepale, na jibu jipya la C lilikuwa: homa ikishaisha. Nilikaa na kosa hilo karibu wiki tatu bila kulijua.

Siku za kugawa fomu zilikuwa siku tamu. Nilisimama ngazi za maktaba, kwenye vibanda vya chai, nje ya kumbi za mihadhara, nimevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Watu walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Walijaza haraka, wengine bila hata kukaa chini. Nilikuwa nimeandika juu kabisa kwamba jina halihitajiki, lakini wengi waliweka namba ya usajili, tena kwa mwandiko wa kusomeka. Kijana mmoja alinirudishia fomu akaniuliza, "Sista, matokeo yanatoka lini?" Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Fomu zilirudi karibu zote, na karibu zote zilikuwa sahihi. Nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, ufunguo wangu kwenye simu, tiki baada ya tiki. Wanafunzi walijua dalili, walijua njia za kuambukiza, walijua mpaka mambo niliyoweka kwa makusudi ya kuwachanganya. Jioni ile nilimpigia mama nikamwambia chuo hiki kina watu werevu. Akasema vizuri, lakini je, nimekula?

Kula, kwa kweli, kulikuwa kumeanza kuharibika. Chumba cha nne kwenye ploti yetu alikaa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Lugari, mtoto wa wakulima wa mahindi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kila asubuhi alipika chapati za kuuza, na ploti nzima iliamka kwa harufu hiyo. Zilikuwa laini, zenye tabaka, na ukichelewa dakika tano umezikosa. Alikuwa wa kwanza kabisa kunijazia fomu. Aliichukua kwa vidole vyenye unga, akaenda nayo chumbani, akarudi baada ya nusu saa. Aliniita daktari, kwa mzaha wa heshima, kwa vile mimi peke yangu pale ndiye niliyesomea mambo ya magonjwa.

Wiki moja baada ya fomu, chapati zikakoma. Siku ya kwanza nilinunua mkate nikanung'unika. Siku ya tatu nilibisha mlango wake.

"Ni malaria tu, daktari," akajibu kutoka ndani. "Usiingie. Niko sawa."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

Nikaondoka. Nataka kusema nilikuwa na wasiwasi, lakini nilikuwa na matokeo ya fomu ya kuchora kwa chati za rangi kwenye kompyuta ya kuazima, na nilifurahi kwamba ameniambia nisiingie. Mwanafunzi wa afya ya jamii aliyekuwa akiuliza dunia nzima kuhusu homa hakumuuliza jirani yake swali la pili. Hilo bado linaniuma nikilikumbuka.

Ijumaa moja asubuhi nilipeleka kazi yangu kwa msimamizi. Alinikaribisha kiti, akazitandaza fomu juu ya meza kama mtu anayepanga karata, akazitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri kusifiwa.

"Binti," akasema, "hawa wote walikaa chumba kimoja?"

"Hapana, mwalimu. Ni watu wa kozi mbalimbali."

"Mtu wa muziki na mtu wa sheria na mtu wa kilimo wamejua mambo sawasawa. Hata kosa wamekosea sawasawa." Aliweka kidole chake kwenye swali la kumi na moja. "Hapa wote wameweka C. Soma C."

Nikasoma kwa sauti. Homa ikishaisha.

"Na wewe umewapa tiki," akasema. Hakuwa na ukali wowote, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wamenakili, hilo ni dhahiri. La kunakili tutalishughulikia, utarudia kwa mahojiano. Lakini hii C ilitoka kwa nani?"

Nilitoa simu nikafungua ufunguo. Ilikuwa pale, herufi moja, imekaa kimya. Nikamwambia imetoka kwangu. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Basi una watu wengi huko nje wanaoamini kitu cha hatari kwa sababu yako. Hiyo ndiyo kazi ya leo. Utafiti utangoja."

Nilitembea kurudi kwenye ploti kwa hasira, na kama kawaida yangu hasira ile niliitafutia mtu wa kuibeba. Mwenzangu wa chumba alikuwa anafua. Nilimuuliza kama alimtumia mtu ufunguo wangu. Alikaa na shati linalochuruzika mkononi, uso ukamwiva.

"Mmoja tu," akasema. "Yule binamu yangu wa mwaka wa kwanza. Alinililia."

"Alikulilia ya nini? Ile si mtihani!"

"Wao walisikia ni mtihani. Tena walisikia mwenye atafeli anapelekwa karantini." Akashusha macho. "Nilimwambia si kweli, lakini alikuwa anatetemeka, sasa ningefanya nini? Kumbe akaweka kwa kundi la darasa. Hapo ikaenda."

Nililipiga teke beseni, maji ya sabuni yakamwagikia kuku wa mwenye ploti, naye akakimbia akilalamika. Kisha nikakaa chini kwenye saruji nikaanza kucheka, kwa sababu nilikiona kitu chote mbele yangu: fomu ya kupima ujuzi wa watu ilikuwa imezunguka chuo kama mwakenya, ile karatasi ya kuibia mtihani, watu wakaikariri chooni na kitandani, wakaweka namba zao za usajili wapate alama. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba huu si mtihani. Lakini kwa mtu aliyefanya mitihani tangu akiwa na miaka sita, karatasi yenye A, B, C na D ni mtihani, na karatasi inayosema si mtihani ni mtihani wenye mtego.

Nikaandika ujumbe, mwenzangu akausambaza kwenye makundi yote aliyoyajua. Swali la kumi na moja jibu ni B. Kosa ni langu. Mgonjwa anaweza kuambukiza mpaka magamba yote yatoke. Majibu yalikuja papo hapo. Mmoja akaandika, mtihani ulishaisha sista, tuache tupumue. Mwingine akauliza kama wanaongezewa alama. Wa tatu akataka kujua karantini inaanza lini, ajue kubeba blanketi. Nilikuwa karibu kuirusha simu ukutani niliposikia harufu ya chapati.

Moyo ulifurahi kabla akili haijafika. Nilivuka ua mbio. Mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi, na jirani yetu alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, amekonda kidogo, amevaa shati la mikono mirefu, uso umemchangamka. Kwenye beseni palikuwa na chapati zimefunikwa kwa kitambaa, nyingi kuliko za kuuza. Chini ya meza palikuwa na kuku mweupe amefungwa mguu kwa kamba ya katani.

"Daktari!" akasema. "Nimepona. Kesho naenda Lugari, dada yangu alizaa. Msichana. Wiki ya tatu sasa na bado sijambeba, wananingojea mimi tu."

Kwao, alinieleza huku akigeuza chapati, siku ya kumpokea mtoto watu hukaa wamezunguka sebuleni, na mtoto hupita kwa mikono ya kila mmoja, kutoka kwa nyanya hadi kwa mtoto mdogo wa jirani. Mjomba hubeba wa mwisho, naye hukaa naye mpaka watu wamalize kula. Shughuli ilikuwa imeahirishwa wiki nzima kwa ajili ya malaria yake. Alisema hayo yote kwa pumzi moja, mtu wa maneno machache, na kisha akakunja chapati moja ya moto akanikabidhi.

Mkono wa shati ulipanda aliponinyooshea. Juu ya kifundo palikuwa na magamba matatu ya duara, meusi, yenye kingo zilizoinuka, na lingine kwenye kiganja, chini ya kidole gumba.

Sikuipokea chapati. Nilimuuliza hivyo ni vitu gani.

Akavuta mkono wa shati, akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Nitakuambia ukweli kwa sababu ni wewe. Haikuwa malaria. Homa, tezi hapa shingoni, halafu hizi. Niliona ni zile dalili za fomu yako. Niliogopa kusema, wangenipeleka karantini. Lakini nilifanya vile inatakikana. Siku ile homa ilianza niliacha kupika. Sikufungulia mtu. Nilikuwa nachota maji watu wakiwa wameenda darasa. Nilingoja mpaka homa imeisha, nikaongeza siku mbili juu yake. Fomu yako ilinisaidia sana."

Nimewahi kufeli, nimewahi kuaibishwa mbele ya watu, lakini sijawahi kusikia maneno yaliyonipiga kama hayo ya shukrani. Watu wote walikuwa wamekariri fomu yangu wakaisahau. Mmoja tu aliiamini akaifuata hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho niliyompa ilikuwa inampeleka kumbeba mtoto wa wiki tatu.

"Homa kuisha haitoshi," nikasema. "Lazima magamba yote yatoke na ngozi mpya iote. Bado unaweza kuambukiza."

"Lakini jibu ni C. Hata niliangalia kwa kundi, kila mtu alikuwa na C."

"Ile C ni yangu mimi. Nilikosea kuandika, watu wakanakili kosa langu."

Alizima jiko. Alikaa ukingoni mwa kitanda na mikono yake mikubwa imelala juu ya magoti, akaitazama kama ni ya mtu mwingine.

"Ningeenda leo," akasema. "Nilikuwa nataka kuenda leo, ni vile unga ilichelewa."

"Samahani," nikasema. Nililia, na sikujaribu kujificha.

"Na huyo mtoto, ingemshika?"

"Ingeweza. Na watoto wachanga ndio inawasumbua sana."

Tulikaa hivyo, yeye ndani na mimi kizingitini, kuku akidonoa saruji kati yetu. Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Aliuliza kama karantini ni kweli, nikamwambia si kama wanavyosema, ni kupimwa na kukaa chumbani kama alivyokuwa akikaa, ila kwa muda mrefu zaidi na sisi tukijua. Akavaa barakoa na kofia, tukatembea kwa miguu hadi hospitalini kwa sababu hakutaka kumkaribia mwendesha boda yeyote. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, kama tumegombana. Muuguzi alimpokea kwa upole, akachukua sampuli, akamsifu kwa kujitenga mapema. Alipoulizwa alijuaje, alisema kuna fomu ya chuo. Akaniangalia kidogo tu.

Chapati zile zote tuliziteketeza kwenye pipa la takataka. Mwenzangu wa chumba alisimama kando akizitazama zikiungua, akasema hajawahi kuona dhambi ya namna hii.

Majibu ya vipimo yalikuja baada ya siku tatu, na ilikuwa mpox. Kwa ruhusa ya jirani yetu niliandika tena kwenye makundi, bila jina na bila ploti: yupo mwenzetu aliyeugua, alijitenga mwenyewe, na jibu langu la makosa lilikaribia kumfikisha kwa mtoto mchanga. Safari hii hakuna aliyetania. Watu wakaanza kuniuliza maswali ya kweli, yale ambayo hayana A wala B. Taulo je? Mtu akiwa na mpenzi? Kitanda cha hosteli alicholalia mwingine? Kijana mmoja alikuja mwenyewe mpaka kwenye ploti akasimama mbali, akanionyesha upele wa mkononi. Ulikuwa wa sabuni, lakini alikuja. Kutokana na maswali hayo ndipo nilipoandika utafiti wangu upya, kwa kukaa na watu vibandani na kuwasikiliza. Nilijifunza kwamba walikuwa wanajua mengi, na kwamba walichokosa ni mtu wa kumuuliza bila kuogopa kuandikwa.

Kwenye ploti, wiki zile zilikuwa njema, nashangaa kusema hivyo. Tuliweka zamu ya chakula. Kila mchana sahani ilikaa kwenye kiti nje ya chumba cha nne, obusuma, yaani ugali, na mboga, siku za Jumapili nyama, na vyombo vyake havikuchanganywa na vya mwingine. Jioni alifungua dirisha na sisi tukakaa uani, mbali kidogo, tukizungumza naye kwa sauti kubwa kupita kamba za nguo. Alimfundisha mwenzangu kukanda unga kwa maelekezo ya dirishani. Chapati za mwenzangu zilikuwa ngumu kiasi cha kuezekea nyumba, na tulizila zote. Kuku mweupe aliachwa chini ya uangalizi wangu, akazoea kutaga kwenye beseni langu la kunawia. Hakuna mtu mwingine aliyeugua.

Kitu kimoja tu hakikuwa chema. Jirani yetu hakuwa amemwambia dada yake ukweli. Baada ya ile malaria, alikuwa amesema ana mitihani, na dada mtu, aliyekuwa amewaalika watu mara mbili, alikasirika akaacha kupokea simu zake. Nilimwambia amweleze. Akasema dada atadhani yeye amelaaniwa, au kwamba ameishi vibaya mjini. Nikamwambia basi nitaeleza mimi, kwa kuwa sehemu kubwa ni yangu. Alikataa. Siku mbili baadaye, kutoka dirishani, alituambia amemwandikia ujumbe mrefu, na kwamba amejibiwa neno moja: sawa. Alilirudia neno hilo mara kadhaa jioni ile, akijaribu kulisoma.

Gamba la mwisho, lile la kiganjani, lilitoka baada ya wiki nyingine na zaidi. Muuguzi alimkagua mwili mzima akamwandikia kwamba amepona. Alikuja uani akiwa ameshika karatasi, mtu wa kwanza kumsalimia kwa mkono akawa mwenzangu wa chumba, aliyemshika kwa mikono miwili akakataa kuuachia. Jumamosi iliyofuata alikwenda Lugari na kuku wake. Aliniomba twende pamoja. Nilisema nina kazi. Akasema, "Daktari, ile siku ulisema utaeleza wewe."

Dada yake alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya moja kwa moja. Alitupokea uani kati ya kibanda cha mahindi na jiko la nje, akamsalimia ndugu yake bila maneno mengi, akamchukua kuku. Ndani walikuwa wamekaa wazazi wao na majirani wachache. Mtoto alikuwa amekua kupita yale mavazi aliyonunuliwa alipozaliwa. Walimpitisha kwa mikono kama nilivyosimuliwa, polepole, kila mtu akimwambia lake, na mwishoni akafika kwa mjomba wake, naye akamkumbatia akafumba macho. Mama yao alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Watu walipokuwa wanakula, nilimfuata dada mtu kwenye jiko la nje. Nilimweleza kila kitu, kuhusu fomu, kuhusu herufi niliyosahau kuihamisha, kuhusu chapati zilizokuwa tayari na safari iliyobaki usiku mmoja tu. Sikuongeza samahani nyingi kwa sababu niliona zinamchosha. Alisikiliza akikoroga mboga.

"Kwa hivyo ni wewe ulimwambia aje," akasema, "na ni wewe ulimwambia asikuje."

"Ni mimi."

Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwa leso kiunoni, akarudi ndani. Nilibaki nimesimama kwenye moshi, nikifikiri kwamba nimeharibu siku yao na kwamba nitembee tu hadi barabarani. Kisha akatokea mlangoni na mtoto mikononi. Alikuwa amemtoa kwa mjomba wake kabla watu hawajamaliza kula. Akaniwekea mtoto kifuani, akakisogeza kiwiko changu mahali panapofaa.

"Mshike kichwa hapa," akasema. "Sisi wote tumembeba. Ni wewe tu ulibaki."

Alirudi kwenye mboga yake. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto, na alinuka maziwa. Alifumbua macho, akanitazama kwa utulivu wa mtu asiyejua lolote, akapiga mwayo. Nilimbeba mpaka mkono ukafa ganzi, na sikumwambia mtu.